Msitutafutie bingwa, tupeni mechi

Ukiwauliza watu wa michezo nchini kwa nini hatuna watoto wanaocheza tenisi, utapewa jibu moja lililokwisha kukauka. Mchezo ule ni wa gharama. Hatuna fedha. Tungekuwa na kituo cha taifa cha kisasa tungekusanya vipaji, tungempata bingwa mmoja, na wengine wangemfuata. Jibu hili utalisikia kwa viongozi, kwa wachambuzi wa redioni, kwa wazazi, hata kwa vijana wa bodaboda kijiweni. Linapendwa kwa sababu halimgusi mtu. Tatizo likiwa fedha, hakuna aliyekosea: sote tunamsubiri mfadhili, na wakati tukimsubiri, mwenye ufunguo wa kiwanja anaendelea kuutia mfukoni.

Naishi Kihonda, kwenye tambarare unayoikuta ukitoka mjini Morogoro kuelekea Dodoma, na jibu hilo nalipinga nikiwa huku huku kwenye vumbi. Kinachowakosesha watoto wetu tenisi ni mechi. Mechi za karibu na nyumbani, za kila wiki, za kushinda na kushindwa bila mtu kupanda basi wala kununua sare. Kituo, bingwa na mfadhili vina zamu yao, nayo ni ya mwisho. Ukivitanguliza unavuna kile walichovuna Waingereza.

Na tuanze na hao Waingereza, maana ndio waliotuletea mchezo wenyewe na ndio wenye fedha zake. Mashindano ya Wimbledon yanaleta faida kubwa kila mwaka, na asilimia 90 ya faida hiyo inakwenda kwa chama chao cha tenisi, LTA. Kwa miaka ya karibuni ni kama pauni milioni 40 na zaidi kwa mwaka. Nani Afrika Mashariki anaota fedha za namna hiyo kwa mchezo mmoja? Mwaka 2007 wakafungua kituo cha taifa pale Roehampton, kusini-magharibi mwa London, kilichogharimu kiasi cha pauni milioni 40: viwanja vya ndani, vya nyasi, vya udongo, vyumba vya mazoezi ya viungo, waganga wa michezo, makocha walioitwa kwa mishahara minono. Kila kitu ambacho wakubwa wetu wanasema tungekuwa nacho mambo yangekwenda, wenzetu walikuwa nacho.

Kabla ya hapo, Mwingereza wa mwisho kutwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wanaume alikuwa Fred Perry, mwaka 1936. Aliyefuata ni Andy Murray, mwaka 2013. Miaka 77 katikati. Watetezi wa vituo hupenda kumtaja Murray kama ushahidi wao, na hapo ndipo wanapojinyonga kwa kamba yao wenyewe, kwa sababu Murray hakutoka Roehampton. Kituo kilipofunguliwa alikuwa tayari mchezaji wa kulipwa anayezunguka dunia. Alikulia Dunblane, mji mdogo wa Scotland wenye mvua nyingi, akicheza kwenye klabu ya mtaa na kwenye vimashindano vya wikiendi, akifundishwa na mama yake, Judy. Alipofika miaka 15 na kuona nyumbani hana tena wa kucheza naye, akaenda Barcelona, ambako wapinzani wa rika lake walikuwa wengi.

Kaka yake ni ushahidi mzito zaidi. Jamie Murray alikuwa miongoni mwa watoto bora wa umri wake, na chama kikafanya kile ambacho sisi tunakitamani: kikamchagua, kikamtoa kwao, kikampeleka Cambridge akiwa na miaka 12 kwenye kituo cha vijana wenye vipaji. Alirudi nyumbani kabla hata mwaka haujaisha, amevunjika moyo, na pigo lake la mbele alilokwenda nalo halikuwepo tena. Ilimchukua muda hata kutaka tena kushika raketi. Baadaye akawa namba moja wa dunia katika mchezo wa wawili wawili, mwaka 2016, lakini mtu asije akasema ni kwa sababu ya Cambridge.

Judy alikuwa akiwafundisha wanawe pamoja na kundi la watoto wa sehemu zile. Kundi hilo hilo likawatoa Colin Fleming, Elena Baltacha na Jamie Baker, wote wakafika kuichezea Uingereza. Scotland haikuwa na fedha, wala viwanja vya ndani vya kutosha kuikwepa mvua yake. Ilikuwa na mama mmoja mwenye gari, aliyehakikisha watoto wale wanapambana wao kwa wao mara kwa mara mpaka wakachokana. Ukiniuliza ni nini kilichomzaa bingwa wa Wimbledon, nitataja gari lile kabla ya pauni milioni 40.

Na ile hoja kwamba bingwa akipatikana watoto watafuata? Mwaka 2012 Murray alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini London, kisha akatwaa US Open. Mwishoni mwa mwaka huo huo, taasisi ya umma inayogawa fedha za michezo, Sport England, ilikata sehemu ya ruzuku ya tenisi kwa sababu idadi ya watu wanaocheza ilikuwa haipandi kama ilivyoahidiwa. Bingwa yupo, runinga zimejaa, nchi nzima inashangilia, na viwanja vya bustani za umma vina nyufa na neti zilizochanika. Mtoto aliyevutiwa na Murray alitoka nje na kukuta geti limefungwa. Baada ya Emma Raducanu kutwaa US Open mwaka 2021 akiwa na miaka 18, akitokea raundi za mchujo, ndipo serikali na LTA wakatenga kama pauni milioni 30 kufufua viwanja zaidi ya 3,000 vya bustani za umma, kazi iliyokamilika mwaka 2024. Waliozunguka miaka yote na mabwawa ya fedha wamerudi kwenye bustani. Sisi ambao hatujaanza tunaambiwa tuanzie kule walikotokea.

Nakubali, Morogoro si London. Basi tuiangalie Morogoro.

Pita Kihonda Maghorofani saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea na Uluguru umeanza kuwa wa buluu upande wa kusini. Utakuta wasichana wanacheza rede. Wawili wamesimama pande mbili wanarusha mpira wa soksi, wa kati anajaza mchanga kwenye chupa ya maji huku akiukwepa. Mtazame huyo wa kati kwa dakika tano tu. Macho yake hayatoki kwenye mkono wa mrushaji. Miguu haikai chini. Anaegemea kushoto kidogo ili mwenzake arushe kulia, kisha anapinda kiuno na mpira unapita. Akiupata upenyo anainama, anachota, anajaza, anainuka. Kocha yeyote wa tenisi atakuambia kwamba kusoma mpira kabla haujatoka mkononi mwa mpinzani ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukifundisha. Watoto wa Kihonda wanakijua wakiwa na miaka minane, na wanaojifunza ni wasichana, wale ambao tunasema hawapendi michezo.

Kwa hiyo kipaji tukiweke pembeni, kipo. Twende kwenye kiwanja, maana hapo ndipo watu wanapotoa tarakimu za kutisha.

Kiwanja rasmi cha tenisi kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja. Ukikijenga kwa zege au lami, na uzio wa wavu, na taa, ndiyo, ni fedha nyingi. Lakini mtoto wa miaka minane hapaswi kucheza humo. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, limekwisha kulimaliza suala hili: tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa kawaida wa njano. Kuna mpira mwekundu unaokwenda polepole sana, unaochezewa kwenye kiwanja cha mita 11 kwa 5 na nusu, neti ikiwa na kimo cha sentimita 80. Kuna wa rangi ya chungwa, unaochezewa kwenye kiwanja cha mita 18. Na kuna wa kijani, ambao ni daraja la kuingilia kiwanja kikubwa.

Mita 18. Mwalimu yeyote wa michezo anaijua namba hiyo, kwa sababu ndio urefu wa kiwanja cha mpira wa wavu, ambacho ni mita 18 kwa 9. Shule ngapi za msingi hapa Morogoro zina nguzo mbili za wavu uwanjani, hata kama wavu wenyewe umebaki kamba? Shusha kamba ile mpaka usawa wa kiuno cha mtoto, tayari una kiwanja cha tenisi kinacholingana na kanuni za dunia kwa mtoto wa miaka tisa. Kazi iliyobaki ni kufagia kokoto.

Najua kinachofuata: udongo. Mpira haudundi sawasawa kwenye udongo, wataniambia. Wakumbuke Rod Laver, mwanamume pekee aliyetwaa mashindano yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja mara mbili, 1962 na 1969. Alikulia Queensland, Australia, na kiwanja cha kwao kilikuwa cha udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa nyuma ya nyumba. Udongo wa kichuguu! Kuna mtu Morogoro atakayeniambia hajui mahali pa kuupata? Tunasirabia nao kuta na kutandaza nao sakafu. Ukimwagiwa maji, ukashindiliwa na kuachwa jua liufanyie kazi, unakaza, na mpira unadunda. Mvua ya masika itauharibu, ndiyo, na baada ya masika utautengeneza tena, kama tunavyofanya kila kitu kingine huku.

Vifaa, basi. Raketi ya dukani ni ghali kwa mzazi wa kawaida, hilo halina ubishi. Lakini mtoto anayeanza anaweza kutumia kibao cha plaiwudi chenye mpini, kama cha mpira wa meza ila kikubwa kidogo. Tuna chuo cha VETA hapa hapa Kihonda, kuna mafundi seremala kila mtaa; vibao thelathini ni kazi ya siku mbili za wanafunzi na mabaki ya mbao. Aliyedhani kibao ni dharau amkumbuke tena Perry: kabla ya kuwa bingwa wa Wimbledon alikuwa bingwa wa dunia wa mpira wa meza, mwaka 1929, na baba yake alianzia maisha kwenye kiwanda cha pamba. Waungwana wa klabu hawakumpenda sana kwa hilo, lakini alitwaa ubingwa wao mara tatu mfululizo.

Mipira nayo tunaitupa. Kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo, kisha kila baada ya gemu 9, kwa sababu inachoka na kupunguza kudunda. Kwenye klabu zetu hukaa muda mrefu zaidi, lakini nako hufika siku mwanachama akasema huu umekufa. Mpira uliokufa kwa mtu mzima ndio hasa unaomfaa mtoto: hauruki juu ya kichwa chake, haumkimbii. Ndoo moja ya mipira iliyokataliwa na klabu moja ingewatosha watoto wa shule nzima kwa muhula.

Nimeandika mengi juu ya udongo na vibao kwa makusudi, kwa sababu hoja ya gharama imekaa vichwani kama ukuta na lazima ibomolewe tofali moja moja. Lakini kuna hoja ya pili, ambayo ina madhara zaidi kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu. Ni hii ya kusaka vipaji.

Tunapenda kusaka. Kila kiongozi mpya anaahidi kuzunguka mikoani kusaka. UMITASHUMTA na UMISSETA zenyewe, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, tumezigeuza msako: mtoto anachaguliwa shuleni, anakwenda kata, wilaya, mkoa, mwishowe taifa, na kila ngazi wengi wanarudishwa nyumbani. Mimi nimekulia kwenye mashindano hayo na nayapenda, yanamwonyesha mtoto wa Mvomero kwamba kuna nchi nje ya Mvomero. Lakini hesabu yake kwa mtoto wa kawaida ni mbaya. Chukua watoto 16 kwenye mchezo wa mtoano: wanane wanatoka baada ya mechi moja. Nusu ya watoto wako umewaambia kwaheri asubuhi, kabla ya chai. Watoto hao hao 16 wape viwanja vinne vidogo na mechi fupi za pointi kumi, wabadilishane wapinzani, na kabla jua halijawa kali kila mmoja amecheza mara tano au sita, amemfunga mtu na amefungwa.

Tena anayechaguliwa mapema ni nani? Mara nyingi ni aliyezaliwa mapema. Katika michezo mingi na nchi nyingi imeonekana kwamba timu za watoto hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo baada ya tarehe ya kikomo cha umri, kwa sababu kwa mtoto wa miaka kumi tofauti ya miezi minane ni kimo kizima. Tunamchukua aliyekomaa upesi tukidhani tumeona kipaji. Na zawadi ikiwa ni kuchaguliwa, watu wazima wataichezea. Mwaka 2005 timu yetu ya soka ya vijana, Serengeti Boys, ilienguliwa kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kosa la umri. Wengi waliwalaani walioghushi. Wachache waliuliza kwa nini tumejenga utaratibu ambao cheti cha kuzaliwa kina thamani kuliko mechi mia za mtaani.

Kuna jambo jingine kuhusu ngazi ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliisimamisha michezo ya shule kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo, na ilichukua miaka kadhaa kuirudisha. Uamuzi mmoja wa ofisini, na nchi nzima kimya. Wakati huo huo ndondo za soka za mitaani hazikukosa hata wiki moja. Hakuna aliyeziruhusu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuzifuta.

Mkoa huu unapaswa kulielewa hilo kuliko mingine. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania mwaka 1975. Mtibwa Sugar, ya Turiani, iliutwaa mwaka 1999 na tena 2000. Shomari Kapombe ametoka hapa. Dickson Job, nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Gabon mwaka 2017, ametoka hapa na kupitia vijana wa Mtibwa kabla ya Yanga. Shirikisho la soka, TFF, limejenga vituo vyake vya ufundi Kigamboni na Tanga. Morogoro haikupewa kitu, na wachezaji wameendelea kutoka. Wametoka kwa sababu kila jioni kuna chandimu, kila msimu kuna kombe la diwani, la mbunge, la mbuzi, la mfanyabiashara anayetaka kujulikana. Mtoto wa Kihonda akifika miaka 14 ameshacheza mechi za mpira zisizohesabika. Wa tenisi akifika umri huo, hata akiwa mtoto wa mwanachama wa klabu, amepiga mpira na kocha wake na amecheza mashindano mawili matatu Dar es Salaam. Halafu tunashangaa anapokutana na Mkenya.

Tukimtaja Mkenya tunamtaja Angella Okutoyi, na hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu wapinzani wangu wanamtumia. Alizaliwa Nairobi mwaka 2004, mama yake akafariki wakati wa kujifungua mapacha, yeye na nduguye wakalelewa na bibi yao. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye mashindano makubwa, kule Australia. Julai mwaka huo akatwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon kwa wawili wawili, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Wanaotaka kituo husema: ITF walikuwa na kituo cha kanda Nairobi, ndicho kilichomtoa.

Kituo kilimsaidia, sikatai. Lakini kilimkuta tayari anacheza. Bibi yake alikuwa mfanyakazi kwenye shule ya Loreto Convent, Valley Road, na shule ile ilikuwa na viwanja vya tenisi. Mjomba wake, ambaye ni kocha, akamwekea raketi mkononi akiwa na miaka minne. (Hapa Uluguruni, ambako mjomba ni mtu mzito kuliko baba, habari hiyo haimshangazi mtu.) Ondoa viwanja vile kwenye ua wa bibi, na kituo chote cha ITF kisingejua kwamba kuna mtoto wa namna hiyo jijini. Swali linalofaa kuulizwa Nairobi ni wajukuu wangapi wa wafanyakazi wa shule zisizo na kiwanja waliopotea mwaka huo huo.

Ni hadithi ile ile ya waokota mipira. Makocha wengi wa tenisi Afrika Mashariki, wale wa umri wangu na zaidi, hawakuanzia darasa la tenisi. Walianza wakiokota mipira ya wanachama kwa senti, na wanachama walipokwenda kunywa, wakabaki uwanjani na raketi kuukuu mpaka giza. Hawakuchaguliwa na mtu. Walikuwepo tu, kila siku, pale geti lilipokuwa wazi kwa sababu ya kazi yao. Nikiwasikia watu wakisema tenisi ni mchezo wa matajiri, nawakumbuka hao. Mchezo waliujua maskini. Kilicho cha matajiri ni geti.

Sizilaumu gymkhana zetu, iwe ya Dar es Salaam, Arusha au hapa Morogoro. Klabu ni ya wanachama, wanalipa ada, wanakata nyasi. Lakini viwanja vya tenisi mchana wa siku za kazi huwa vitupu, na watoto wa madarasa ya chini wanatoka shule mapema. Alasiri mbili kwa wiki, mwalimu mmoja akiwajibika kwa nidhamu, hakuna mwanachama atakayekosa nafasi yake ya saa kumi na moja. Kama klabu itakataa, na itoe angalau ile ndoo ya mipira iliyokufa.

Wazazi nao wana lao. Twisheni imekula Jumamosi, na mtihani wa darasa la nne umekuwa kama wa kuingia mbinguni. Kwa msichana ongeza maji, vyombo na mdogo wake mgongoni. Ndiyo maana nasisitiza karibu na nyumbani. Mama wa Kihonda hatamruhusu binti wa miaka tisa apande daladala mpaka mjini kwa ajili ya mchezo asioujua, na yuko sahihi. Atamruhusu hadi uwanja wa shule anaouona kutoka kwenye genge lake la nyanya, tena na mdogo wake mgongoni, akae pembeni naye.

Atakayesimamia ni nani? Yule yule anayesimamia ndondo: mwalimu mwenye hamu, fundi aliyewahi kuokota mipira, veterani anayetafuta sababu ya kutoka nyumbani. ITF ina kozi za makocha wa ngazi ya mwanzo na Chama cha Tenisi Tanzania kinaweza kuzileta mikoani. Hiyo ni gharama halali na chama kigombee fedha zake. Wakishapatikana watoto arobaini wa Kihonda, wa Mazimbu na wa Kilakala wanaofungana kila wiki, safari za kwenda kukutana na wengine hazina tena ugumu wa zamani. Treni ya SGR tangu mwaka 2024 inakuchukua kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili. Watoto wa Dar wanaweza kuja asubuhi, wakafungwa, wakarudi kula kwao.

Na atakayeniuliza ni nani kati yao atakayefika Wimbledon, nitamjibu kwamba pengine hakuna. Vijana wanaocheza ndondo Kihonda hakuna anayewauliza kama watafika Simba. Wanacheza, mmoja katika mamia anafika, na waliobaki wanakuwa makocha, waamuzi, mashabiki wanaojua wanachokitazama, na wazazi ambao siku moja hawatamzuia mtoto. Tenisi peke yake ndiyo tunayoidai bingwa kabla hatujaipa wachezaji.

Fedha, basi, siyo ninayoihofia. Ninachokihofia ni ardhi. Kihonda ilipopimwa viwanja, ramani iliacha maeneo ya wazi kwa ajili ya michezo, na kila mwaka ukipita unakuta kipande kimezungushiwa mabati, kisha fremu tatu, kisha bango la wakala wa fedha. Kiwanja cha mita 18 kinahitaji nafasi ndogo kuliko baa, lakini kinahitaji nafasi. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa unaofuata sitaomba raketi wala mfadhili. Nitaomba ramani ya mipango miji ibandikwe ukutani pale ofisi ya mtaa, tuhesabu pamoja maeneo ya wazi yaliyobaki, na mwenyekiti atutajie moja baada ya jingine ni nani anayelitumia na kwa kibali cha nani.